Jumla si idadi

Wiki iliyopita mama mmoja, mhazini wa kikoba, alinipigia simu ana hofu. Fomu yake ya kompyuta, aliyotengenezewa na kijana wa mtaani kwao, ilikuwa imeandika chini kabisa: "Jumla ya hisa: 22". Hisa moja kwao ni shilingi 2,000, kwa hiyo sandukuni zilitakiwa ziwe 44,000. Zilikuwamo 134,000. "Mwanangu, zimezidi," aliniambia kwa sauti ya chini, na nikamwelewa. Kwenye kikundi fedha zikipungua watu hugombana siku moja yakaisha. Zikizidi, maneno hayaishi.

Hazikuzidi. Yule kijana alikuwa ameombwa jumla akatoa idadi, na hii si mara ya kwanza kuliona kosa hilo, wala ya kumi.

Maana yenyewe haina urefu. Idadi ni jibu la "vipo vingapi". Jumla ni kile unachobaki nacho baada ya kuongeza thamani juu ya thamani mpaka ziishe. Ukiiuliza kanzidata, yaani programu inayotunza taarifa kwenye majedwali, kwa SQL, lugha ya kuiulizia, idadi inatafutwa kwa amri ya COUNT na jumla kwa amri ya SUM. Ya kwanza inahesabu mistari ya jedwali bila kujali ndani yake mmeandikwa nini. Ya pili inafungua kila mstari na kuongeza kilichomo. Kwenye kikao cha yule mama, mistari yenye hisa ilikuwa 22. Hisa zilizomo ndani ya mistari hiyo, kwa kuwa mwanachama anaruhusiwa kununua hadi tano kwa mara moja, zilikuwa 67. Zidisha kwa 2,000 uone kama hupati 134,000.

Tatizo, nadhani, linaanzia midomoni kabla halijafika kwenye kompyuta. Maneno haya mawili tumeyazoea mno hata hatuyasikii tena. Jumla tumeipokea kutoka Kiarabu, na huko ni kitu kizima kilichokusanywa pamoja. Wanasarufi wa Kiarabu mpaka leo sentensi wanaiita jumla, maana ni maneno yaliyofungwa yakawa kitu kimoja. Kwetu neno limefanya makazi dukani: duka la jumla, bei ya jumla. Anayenunua kwa jumla hachambui kimoja kimoja, anabeba katoni nzima. Idadi nayo ni ya Kiarabu, ila imetoka kwenye mzizi mwingine kabisa, mzizi wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Neno eda limetoka mzizi huohuo. Mjane Mwislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, na siku zile zinahesabiwa. Hakuna aliyewahi kusikia mtu akijumlisha eda.

Kwa hiyo jumla haisimami bila sehemu zake. Ukisoma "jumla ya watu 12 wamejeruhiwa", unayo haki ya kuuliza: wangapi na wangapi? Kama saba walikuwa kwenye basi na watano kwenye lori, sawa, zimejumlishwa. Kama ni watu 12 tu waliokuwa kwenye basi moja, neno jumla halina kazi pale. "Watu 12 wamejeruhiwa" inatosha. Sisemi mwandishi wa habari afungwe. Nasema kijana aliyekua akisikia hivyo kila jioni, akipewa kazi ya kutengeneza fomu, ataweka COUNT pale palipoandikwa "jumla" na dhamiri yake itakuwa safi.

Hapo hapo kuna mtego. Mtu anaweza kunijibu: hisa 67 si idadi ya hisa? Ni idadi, ndiyo. Lakini kanzidata haihesabu hisa, inahesabu mistari, na katika jedwali lile mstari mmoja ni mwanachama mmoja katika kikao kimoja, si hisa moja. Ndiyo maana idadi ya hisa inapatikana kwa kujumlisha na idadi ya waliolipa kwa kuhesabu. Kabla ya kuchagua amri, jiulize mstari mmoja wa jedwali lako unasimama badala ya nini. Nimeona watu wazima wenye vyeti wakishindwa kulijibu swali hilo kuhusu jedwali walilolitengeneza wenyewe.

Kuna jozi nyingine inayonikera zaidi: kujumlisha na kujumuisha. Yanafanana kwa sauti tu. Jumuisha yuko kwenye ukoo wa jumuiya, jamii, jamaa na Ijumaa, ukoo wa kukutanisha watu; jumlisha ni mtoto wa jumla. Mtu akiniambia "nimejumuisha michango yote", sijui kama ameiongeza ikawa namba moja au ameiingiza tu kwenye orodha. Kwenye ulizo, yaani swali unaloiandikia kanzidata, hizi ni hatua mbili tofauti. Unaanza kwa kujumuisha, yaani unachagua mistari ipi iingie: ya mwezi huu, ya kikundi hiki, isiyofutwa. Kisha ndipo unajumlisha. Ripoti nyingi zenye jumla mbovu hazina kosa lolote kwenye kujumlisha. Zimejumuisha mistari isiyotakiwa, au mstari mmoja umeingia mara mbili baada ya majedwali mawili kuunganishwa, na SUM, kwa utiifu wake, ikauongeza mara mbili.

(Na "kwa ujumla" si "kwa jumla". Kwa ujumla kikao kilikwenda vizuri; kwa jumla tulikusanya 134,000. Naliacha hapo, maana likinishika sitamaliza.)

Sasa kuhusu utupu. Nilimwambia yule mama kikao chake kilikuwa na mistari 24, si 22, naye akashtuka upya. Wawili walihudhuria ila hawakununua hisa, na katibu akaacha nafasi zao wazi. Ukihesabu mistari yote unapata 24. Ukihesabu safu ya hisa peke yake, yaani nafasi za hisa zinazoshuka kutoka juu hadi chini ya jedwali, unapata 22, kwa sababu COUNT ikipewa safu moja inaruka nafasi tupu. Zote mbili ni kweli, ila zinajibu maswali tofauti. Wastani nao unafuata njia hiyohiyo: kanzidata itagawa 67 kwa 22 na kukuambia kila mtu alinunua hisa tatu na kidogo, wakati ukiwahesabu wote waliokuwapo hazifiki tatu.

Linalonichekesha ni kwamba sifuri, kwa asili yake ya Kiarabu, maana yake ni tupu. Tumelipokea neno la utupu tukaligeuza kuwa namba, kisha kanzidata zikaja kutukumbusha kwamba tupu si namba. Nafasi tupu, ile ambayo SQL inaiita NULL, maana yake ni "sijaambiwa". Sifuri maana yake ni "nimeambiwa, na hakuna". Ukiongeza 8,000 juu ya "sijaambiwa", jibu ni "sijaambiwa". Basi chukua mwanachama aliyelipa hisa za 8,000, na safu ya faini imeachwa wazi kwa kuwa hakuchelewa. Ulizo linalosema hisa kuongeza faini litampa utupu, na mstari wake wote utatoweka kwenye jumla kuu bila kelele yoyote. Mwanachama mwema kuliko wote ndiye anayepotea! Dawa ipo: kwenye SQL ni COALESCE, kwenye Access, programu ya kanzidata ya Microsoft, ni Nz; zote ukizipa sifuri maana yake ni "ukikuta tupu, weka sifuri". Utaihitaji pia siku ambayo hakuna mstari hata mmoja, maana hapo COUNT hurudisha sifuri lakini SUM hurudisha utupu, na mtumiaji anaona kisanduku cheupe anadhani kompyuta imekwama.

Kwenye fomu zenyewe sitakaa sana. Watu wa Access hutengeneza kisanduku kinachozidisha hisa kwa bei, wakakiita thamani, kisha chini ya fomu wakaandika =Sum([thamani]) na kupata neno la kosa. Sum haijui visanduku vya fomu; inajua safu za jedwali au ulizo lililo nyuma ya fomu. Rudia hesabu yenyewe, =Sum([hisa]*2000), au ihamishie kwenye ulizo ambako itakuwa safu halali. Na uzidishe kwanza ndipo ujumlishe. Kilo 2 za sukari kwa 3,000 na sabuni 10 kwa 500 ni 11,000. Ukijumlisha vitu ukapata 12, ukajumlisha bei ukapata 3,500, kisha ukazidisha, utamdai mteja 42,000, naye atakuwa na haki ya kupiga kelele.

Fomu ya yule mama niliirekebisha kwa dakika chache. Sasa chini ina mistari mitatu: "Waliohudhuria: 24", "Walionunua hisa: 22", "Jumla ya fedha za hisa: 134,000". Yule kijana alikuwapo, na alikuwa mpole. Aliniuliza kama ile ya kwanza angeweza kuiandika "Jumla ya wanachama". Nilimwambia kwenye mazungumzo hakuna atakayemshika, hata mimi hunitoka. Ila kwenye fomu, mdogo wangu, pale ulipohesabu andika idadi.