Kupima mwendo wa paka: simu, chaki na usipa wa Kyela

Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walipitia picha za eksirei za paka 100 waliovuka umri wa miaka 12. Paka 90 kati yao walikuwa na viungo vilivyochakaa. Picha hizo zilikuwa zimepigwa kwa sababu nyingine kabisa. Huo ndio ugumu wa kazi yetu madaktari wa mifugo: mbwa akiumwa mguu anachechemea hadi jirani anaona, ila paka anapunguza shughuli kimyakimya.

Hapa Mbeya paka wengi wanafugwa kwa kazi. Wanalinda ghala la mahindi, duka la nafaka, mashine ya kusaga. Mama mmoja wa Uyole alinipeleka kwa paka wake wa mashineni, jike la mistari, akaniambia, "Daktari, huyu haumwi, amezeeka tu. Hapandi tena juu ya magunia." Nikamwomba tumpige video kabla hatujakubaliana kwamba ni uzee. Umri peke yake haumzuii paka kuruka. Mara nyingi kinachomzuia ni maumivu, na maumivu yana dawa.

Paka anapotembea taratibu, miguu inafuatana hivi: wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia, wa mbele kulia. Mguu wa nyuma unatua karibu palepale wa mbele ulipotoka. Anakanyagia vidole, na kile kiungo cha nyuma ambacho watu hudhani ni goti lililopinda kinyume ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, usawa wa tumbo, limefunikwa na ngozi na manyoya.

Tunachopima kwanza ni muda. Hatua moja kamili inaanzia mguu unapogusa sakafu hadi mguu uleule unapogusa tena. Ndani yake kuna muda wa kukanyaga na muda wa mguu kuwa hewani. Kwenye kutembea, kila mguu hukaa chini zaidi ya nusu ya hatua. Mguu unaouma mnyama hauachi ukae chini muda mrefu, anauinua mapema.

Tuchukue mfano. Mguu wa nyuma wa kushoto umekanyaga kwa sekunde 0.40, wa kulia kwa sekunde 0.35. Toa, gawanya kwa wastani wa hizo mbili, zidisha kwa mia: tofauti ni kama asilimia 13. Hiyo si ndogo, lakini jicho haliioni. Hata video ya kawaida ya simu, yenye fremu 30 kwa sekunde (fremu ni picha mojamoja zinazounda video), haiwezi kuionyesha vizuri, kwa sababu sekunde 0.05 ni fremu moja na nusu tu, na kukosea fremu moja ni jambo la kawaida. Ukirekodi kwa fremu 120, tofauti hiyohiyo inakuwa fremu sita. Kwa 240 inakuwa kumi na mbili, na hapo hakuna ubishi. Simu nyingi za sasa zina hali ya kurekodi kwa mwendo wa polepole, ila zinahitaji mwanga mwingi. Ndani ya chumba chenye giza vidole vya paka vinageuka ukungu. Mwezi wa Julai, asubuhi ya Mbeya ikiwa na mawingu, bora usubiri jua litoke ndipo umtoe kibarazani.

Jambo linalowaangusha wengi ni kasi. Paka akiongeza mwendo, muda wa kukanyaga unapungua sana wakati muda wa hewani haubadiliki kwa kiasi hicho. Kwa hiyo ukimpima leo akienda pole na wiki ijayo akikimbilia chakula, utadhani mguu umebadilika kumbe ni haraka yake. Chora kwa chaki mistari miwili sakafuni, umbali wa mita moja, uhesabu fremu nyonga inapotoka mstari wa kwanza hadi wa pili. Hatua atakazoongeza au kupunguza mwendo katikati, zitupe. Paka havutwi kwa kamba kama mbwa, anaitwa. Kwangu hakuna kinachoshinda usipa mkavu wa Kyela, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Unawekwa mwisho wa kibaraza, mwenye paka anasimama hapo, na mimi nakaa pembeni bila kusema neno.

Sakafu nayo ina neno lake. Viwanja vyetu vingi viko mteremkoni, na paka akipanda mlima uzito unahamia nyuma. Tafuta mahali palipo sawa. Marumaru zinateleza, na paka mwenye wasiwasi wa kuteleza anajikunyata na kufupisha hatua hata kama ni mzima. Simenti ya kawaida inatosha.

Kulinganisha kushoto na kulia kuna faida kubwa: miguu yote miwili imepimwa kwenye mwendo uleule, na paka anakuwa kipimo chake mwenyewe. Lakini ukiishia hapo utawakosa wagonjwa wengi, kwa sababu uchakavu wa viungo vya paka mara nyingi unashika pande zote mbili, nyonga zote au viwiko vyote. Hapo tofauti inasoma karibu sifuri, na paka anaumwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule jike wa mashineni: muda wa kushoto na kulia ulilingana vizuri kabisa, ila nyonga zilikuwa hazifunguki nyuma. Fremu ya mwisho kabla vidole havijaondoka sakafuni, paja lilikuwa bado karibu wima, mahali ambapo paka mzima huwa amelinyoosha nyuma vizuri.

Ili kupima pembe hizo tunabandika vipande vidogo vya plasta juu ya mifupa inayopapasika: ukingo wa juu wa nyonga, kiungo cha nyonga, goti, kisigino, shina la vidole. Kisha programu ya bure kama Kinovea inazichora pembe fremu kwa fremu. Kamera iwe pembeni kabisa, usawa wa mwili wa paka; ikikaa kimshazari, pembe zote zinadanganya. Na goti lina mtego wake. Ngozi ya paka imelegea, plasta ya gotini inateleza juu ya mfupa anapokunja mguu. Wanaofanya utafiti wa mwendo wa paka hawaiamini plasta hiyo. Wanapima urefu wa mfupa wa paja na wa muundi, halafu wanalitafuta goti kwa hesabu kutoka nyonga na kisigino. Nami nafanya hivyo. Tangu 2018 ipo pia DeepLabCut, programu inayofundishwa kutambua viungo bila kubandika chochote, ila inataka kompyuta yenye nguvu na mtu mvumilivu wa kuiwekea alama fremu za mwanzo.

Swali naloulizwa sana ni kwa nini paka mwenye nyonga mbovu bado anaonekana anatembea vizuri. Mwaka 1911 mtafiti Thomas Graham Brown alionyesha, kwa paka, kwamba uti wa mgongo wenyewe unaweza kutoa mdundo wa hatua bila kuamriwa na ubongo. Mimi naona hapo ndipo penye sehemu ya jibu: mdundo unaendelea, na maumivu yanakula kidogokidogo ndani yake.

Kuna mambo mawili hayahitaji hesabu. Visigino vikishuka hadi paka anakanyagia wayo wote wa nyuma, apimwe sukari, kwa kuwa kisukari huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Na miguu ya nyuma ikilegea ghafla, ya baridi, paka analia, usichukue video. Mlete saa hiyohiyo, kwani huenda damu imeganda na kuziba mshipa mkubwa.

Na nawasihi sana, msimpe paka paracetamol. Ini lake haliwezi kuivunja, na nusu kidonge inaweza kumuua. Dawa za maumivu za paka zipo, zinatolewa kwa uzito wake.

Jike la mashineni alipewa dawa, na mama akampangia magunia madogo yawe ngazi. Video ya pili tunaipiga kibaraza kilekile, mistari ileile ya chaki, na ni lazima kasi ilingane na ya kwanza ndipo tulinganishe pembe. Ukitaka kunitumia ya paka wako, mpige akipita mara kadhaa kila upande, rula ikiwa imelala kwenye mstari anaopita. Kwenye WhatsApp itume kama dokyumenti. Ukiituma kama video ya kawaida inabanwa, fremu zinapotea, na hakuna ninachoweza kuhesabu.