Uhaba wa protini-mota: punda wachache, nyusita nyingi

Uhaba wa protini-mota ni hali ambapo njia za kupitishia mizigo ndani ya seli zipo, mizigo ipo, ila wabebaji, yaani protini-mota, hawatoshi. Si lazima pawe na ugonjwa. Neno "uhaba" hapa lina maana ya kikomo tu: njia zote huchota mota kwenye akiba moja, na akiba hiyo haijijazi yenyewe.

Simama gatini Lamu jahazi likishusha mchanga na simenti. Punda wote wakichukuliwa kwa ujenzi wa Mkomani, mwenye kujenga Langoni atangoja, hata usita wake (kichochoro) ukiwa mtupu. Kufungua usita mwingine hakuzai punda.

Ndani ya seli, usita ni mikrotubuli, bomba la protini lenye upana wa nanomita 25 hivi. Punda ni protini-mota iitwayo kinesini, iliyotambuliwa mwaka 1985 kwenye neva nene ya ngisi. Ina miguu miwili. Kila hatua ni nanomita 8 na hula molekuli moja ya ATP, nishati ya seli. Kwa sekunde hupiga hatua kama 100, kisha baada ya mikromita moja hivi huachia njia. (Anayerudisha mizigo upande wa pili ni daineini.) Punda hujua njia ya kurudi gatini, lakini kinesini iliyoachia huelea ovyo kwenye majimaji ya seli hadi iguse tena mikrotubuli yoyote iliyo karibu.

Neva itokayo uti wa mgongo hadi mguuni hufika mita moja. Kwa mikromita moja kwa sekunde, bila kupumzika, hiyo ni safari ya siku 11 na nusu. Ndiyo maana mzigo mmoja hushikwa na mota kadhaa: moja ikiachia, nyingine imeshika. Akiba ikipungua, mzigo hubaki na mota moja au mbili, hudondoka kila mara, na sehemu za mbali ndizo zinazokosa.

Foleni ndiyo inayowachanganya wengi. Tuseme mota huchelewa kushuka mwisho wa njia. Zitabanana pale, na foleni itarudi nyuma. Akiba ingekuwa haina kikomo, foleni ingefika hadi mwanzo wa njia. Kwa akiba yenye kikomo, kila mota iliyokwama imepunguza zilizobaki nje. Zinazoingia hupungua mpaka zilingane na zinazotoka, na foleni husimama katikati ya njia. Sasa ongeza mota. Foleni itarefuka, basi. Mizigo inayofika kwa sekunde ni ileile.

Kwa hiyo kabla ya kuongeza kinesini kwenye jaribio linalosuasua, tazama zilivyokaa. Zikiwa zimetawanyika, moja hapa moja kule, kuongeza kutasaidia. Zikiwa zimesongamana mwishoni, tatizo ni kushuka, na kuongeza ni kupoteza protini. Wala usihesabu kinesini zote zilizomo kwenye seli ukadhani zote zinafanya kazi: isiyo na mzigo hujikunja, mkia ukazuia miguu, ikakaa hivyo bila kula ATP hadi mzigo uje kuikunjua.