Seva ya nyumbani Mbeya: anza na umeme

Wengi wanaoniuliza kuhusu seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayokaa imewashwa muda wote ikihifadhi mafaili yako, huanza na prosesa. Mimi huwauliza kwanza wanatumia uniti ngapi za LUKU kwa mwezi. Seva haizimwi usiku wala sikukuu, kwa hiyo umeme inaokula ikiwa imekaa tu bila kazi ndio gharama yake kubwa.

Kompyuta kubwa ya zamani yenye kadi ya picha inaweza kula wati 80 bila kufanya lolote. Kwa siku 30 hizo ni uniti 57.6. Mteja mdogo wa nyumbani, wa kundi la D1 (lile la bei nafuu la TANESCO), ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi. Ongeza friji na pasi, umeshauvuka. Vikompyuta vya mtumba kama Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny hukaa kwenye wati 10 hivi, yaani uniti 7.2. Vingi vina prosesa za herufi T, mfano i5-6500T, iliyowekewa kikomo cha wati 35 badala ya 65 za i5-6500 ya kawaida. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na feni haipozi kama ingepoza Dar es Salaam, ila baridi yetu inafidia.

Sasa, kukatika kwa umeme. Hapa ndipo data za watu hupotea. Diski inaweza kupokea data na kuiweka kwanza kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika sekunde hiyo, data imekwenda. Jarida la ext4 (kumbukumbu ya mabadiliko kwenye mfumo wa mafaili wa Linux) huokoa mpangilio wa mafaili, lakini yaliyomo ndani halikuhakikishii.

Nunua UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, iwe na tundu la USB. Betri ya volti 12 na Ah 7 ina Wh (wati-saa) 84 kwenye karatasi. Mimi huhesabu nusu, kwa sababu UPS yenyewe inakula na betri ya risasi huharibika haraka ikimalizwa kabisa. Seva na ruta zikila wati 25 kwa pamoja, una kama saa moja na nusu. Weka programu ya NUT, inayosoma hali ya UPS kupitia USB, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu.

Kisha ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), kwa Dell tafuta AC Recovery, uiweke iwashe mashine umeme ukirudi. Lakini kuna mtego mmoja unaosumbua sana: seva ikishajizima, halafu TANESCO wakarudisha umeme kabla UPS haijakata, mashine haikuona umeme ukipotea, hivyo haiwaki. Iagize NUT iiamuru UPS ikate umeme wake baada ya seva kuzima. Lijaribu hilo mwenyewe kabla hujapakia picha za familia kwenye Nextcloud (programu ya kuhifadhi mafaili kwenye seva yako): chomoa UPS ukutani, subiri seva izime, rudisha plagi, uone kama inawaka bila kuguswa.

Kuhusu kuifikia ukiwa safarini, ukiona anwani ya nje ya ruta ni kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani mtoa huduma amewaweka wateja wengi kwenye anwani moja ya umma, na kufungua poti kwenye ruta hakutasaidia. Kodi seva ndogo ya mtandaoni yenye anwani ya umma, uiunganishe na ya nyumbani kwa WireGuard (programu ya VPN, njia ya siri kati ya mashine mbili), na upande wa nyumbani uweke PersistentKeepalive ya 25 (ujumbe mdogo kila sekunde 25) ili njia isifungwe.