Je, wajua kwa nini adapta ya HDMI kwenda VGA haifanyi kazi ukiigeuza?

Kompyuta mpakato yako ina tundu la picha la HDMI, monita ya zamani ina la VGA. Unanunua adapta, unachomeka, picha hiyo. Siku nyingine unataka kuunga kompyuta kuukuu yenye VGA kwenye TV bapa yenye HDMI. Adapta ni ileile, matundu yote yanaingia sawasawa, lakini TV imebaki nyeusi tii. Adapta haijafa. Inafanya kazi upande mmoja tu.

VGA ililetwa na IBM mwaka 1987, zama za skrini za chogo. Nyekundu, kijani na bluu kila moja ina pini yake, na ukali wa rangi ni volti inayopanda na kushuka kati ya 0 na 0.7. Pini nyingine mbili huiambia monita mstari umeishia wapi na picha mpya ianzie wapi. HDMI, ya mwaka 2002, haijui habari hizo. Yenyewe hutuma tarakimu, 0 na 1. Kwa hiyo ndani ya adapta mna chipu inayosoma tarakimu na kuzigeuza kuwa volti, kazi ileile ya king'amuzi kwenye TV ya chogo. Umeme wake, volti 5, inauchota kwenye HDMI yenyewe, pini ya 18.

Kurudi kinyume kunahitaji chipu nyingine, ya kupima volti na kuzifanya tarakimu. Ndiyo maana adapta za VGA kwenda HDMI mara nyingi huja na kijiwaya cha USB cha umeme, na kingine cha sauti, maana VGA haibebi sauti.

DVI ya kidijitali (tundu jingine la picha) na HDMI hazina usumbufu huu: picha zinaituma kwa namna moja, hivyo kiunganishi kisicho na chipu kinatosha, kwenda na kurudi. DisplayPort, nayo aina nyingine ya tundu la picha, iko katikati. Yenye alama ya DP++ inaweza kutoa HDMI kwa adapta rahisi, lakini kutoka HDMI kwenda DisplayPort lazima chipu na umeme.

Dukani, tundu linalotajwa kwanza kwenye boksi kwa kawaida ndilo la upande wa kompyuta. Na ile kebo ya bei chee yenye HDMI huku na VGA kule, isiyo na chipu popote, iache hapohapo: kwa kompyuta za kawaida haitoi picha.