Chandralekha hakuivunja Bharatanatyam

Bado wapo wanaosema kwamba Chandralekha, mcheza ngoma na mtunzi wa ngoma wa India, aliiharibu Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, kwa sababu hakuijua. Hilo si kweli hata kidogo. Mzaliwa huyu wa Maharashtra, aliyezaliwa mwaka 1928, aliacha masomo ya sheria akaenda Madras, ambayo leo ni Chennai, kufunzwa na Kanchipuram Ellappa Pillai, mwalimu wa mkondo wa jadi hasa. Aliihoji ngoma hiyo baada ya kuimudu.

Swali lenyewe lilimjia akiwa jukwaani. Onyesho lake la kwanza, mwaka 1952, lilikuwa la kuchangia waliokumbwa na ukame wa Rayalaseema, eneo la kusini mwa India. Katikati ya wimbo unaosifu maji tele ya mto Yamuna, akawakumbuka watu ambao ardhi yao ilikuwa imepasuka kwa kiu. Vipi mwili ucheze neema ambayo wenzako hawana? Swali hilo hakuliacha tena.

Lawama nyingine, kwamba aligusa kitu cha kale kisichopaswa kuguswa, inatokana na imani kwamba ngoma hii imefika kwetu kama ilivyokuwa miaka elfu mbili iliyopita. Hapa ndipo watu hupotea zaidi. Jina Bharatanatyam lilienea miaka ya 1930. Kabla ya hapo iliitwa sadir, na wenyewe walikuwa devadasi, wanawake waliowekwa wakfu hekaluni. Rukmini Devi, mwanamke wa tabaka la juu la Brahmin, aliicheza hadharani mwaka 1935 na mwaka uliofuata akaanzisha chuo cha Kalakshetra. Mavazi, jukwaa na hata hisia zilizoruhusiwa vikabadilika. Mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu, na wanawake waliokuwa wameitunza sanaa hiyo wakasukumwa kando. Kwa hiyo kile ambacho Chandralekha anashutumiwa kukigusa kilikuwa kimeshaguswa sana, tena ndani ya uhai wake mwenyewe.

Kuna wanaodhani ubunifu wake aliuazima Ulaya. Tazama onyesho lake Angika la mwaka 1985: humo aliweka hatua za Bharatanatyam pamoja na yoga na kalaripayattu, sanaa ya kupigana ya Kerala. Vyote vitatu ni vya India. Aliona vinakutana kwenye uti wa mgongo na kwenye magoti yaliyokunjwa yakielekea nje, basi akajenga kazi yake hapo. Akapunguza vito, akaacha hadithi za miungu na ishara za uso zinazozisimulia. Katika Lilavati, ya mwaka 1989, wachezaji wanacheza mafumbo ya hesabu ya Bhaskara, mwanahisabati wa karne ya 12. Kwangu mimi huo ni ushahidi tosha kwamba alikuwa akichimba kwao.

Miaka mingi aliyokaa mbali na jukwaa nayo huitwa kustaafu. Kumbe alikuwa akichora mabango, akiandika, akifanya kazi na vuguvugu la wanawake, na serikali ikamfungulia mashtaka ya uchochezi.

Na wale wanaosema uzee humaliza mcheza ngoma? Sharira, kazi yake ya mwisho, aliitunga mwaka 2001 akiwa amevuka miaka 70: mwanamke na mwanamume, taratibu mno, kwa sauti za dhrupad, uimbaji wa jadi wa India, za waimbaji ndugu wa Gundecha. Alifariki Chennai mwezi Desemba 2006.