Heksani, gundi ya viatu na ganzi ya miguu

Fundi viatu hupaka gundi kwenye soli na kwenye ngozi, akaiacha mpaka isinate tena kidoleni, ndipo anapozibana na kuzigonga kwa nyundo. Kinachopotea hewani katika dakika hizo za kungoja ni kiyeyushi, na katika gundi nyingi za aina hiyo kiyeyushi chenyewe ni heksani, peke yake au pamoja na toluini.

Heksani hutoka katika mafuta ya petroli na huchemka kwenye nyuzi 69 tu za Selsiasi. Ndiyo maana viwanda vya mafuta ya kula huitumia kukamua soya na mbegu nyingine: huyeyusha mafuta, kisha huvukizwa, ikakusanywa na kurudishwa kazini. Huko hofu kubwa ni moto, kwa kuwa mvuke wake ni mzito karibu mara tatu kuliko hewa na hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche.

Mimi, kama mkaguzi wa afya kazini, naogopa zaidi madhara ya polepole. Ini huigeuza heksani kuwa heksanedioni, ambayo hushikamana na protini za neva na kuharibu kwanza zile ndefu kuliko zote. Kwa hiyo ganzi huanzia vidole vya miguu, ikapanda kama soksi. Mtu huvuliwa kandambili na njia asijue. Baadaye mikono hulegea na ngazi humshinda.

Mjini Suzhou, China, mwaka 2009, wafanyakazi waliofuta vioo vya simu walipewa heksani badala ya alkoholi kwa sababu hukauka upesi. Apple, mteja wa kiwanda hicho, ilikiri baadaye kwamba waliodhurika walikuwa 137. Jambo linalowachanganya wagonjwa, na hata baadhi ya matabibu, ni kwamba udhaifu huweza kuendelea kuzidi kwa wiki kadhaa baada ya kuacha kazi, kabla ya neva kuanza kupona.

Kikomo cha kisheria Marekani ni sehemu 500 kwa milioni ya hewa, ilhali taasisi yao ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, inapendekeza 50. Mimi hufuata hiyo ya pili. Tena metili ethili ketoni, inayochanganywa katika baadhi ya gundi, huzidisha sumu hii ingawa yenyewe haidhuru neva hivyo. Heptani ni mbadala wenye nafuu kubwa kwa neva, ila huchemka kwenye nyuzi 98, hivyo fundi atangoja zaidi kabla ya kushika nyundo.