Kumtangaza Mama Ntilie Si Malipo

Ujumbe umekuja tena, safari hii kutoka kwa kijana wa Chumbageni. Wanaandaa jioni ya mashairi na uchoraji, watu kama 25, na wanaomba niwatafutie "mjasiriamali wa vitafunwa atakayejitolea, sisi tutamtangaza." Kijana ana nia njema na kikao chenyewe nakitamani. Lakini hiyo "tutamtangaza" nimeisikia kwa walimu, kwa wasanii, kwa watu wa miradi, na sasa hata kwa waandaaji wenzangu wa vikao vya sanaa hapa Tanga ambao kazi hii ndiyo inayowalisha. Imenichosha. Naijibu hapa kwa urefu, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Tuanze na pesa. Mama anayeuza chai, maandazi na mbaazi pale Ngamiani hana fungu lililokaa pembeni likisubiri kusaidia sanaa. Mauzo ya leo asubuhi ndiyo unga, mafuta na nazi za kesho. Pesa yake inazunguka, hailali. Ukimwomba apikie watu 25 bure, unachomwomba ni mtaji, si faida, na kesho alfajiri jiko haliwashwi, au linawashwa kwa kukopa. Wengi mtaji wenyewe umetokana na kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, marejesho kila wiki, wengine kila siku. Waliobahatika wamo kwenye vikundi vinavyokopeshwa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo ule hauna riba, lakini nao hurejeshwa. Hakuna marejesho yanayopokewa kwa njia ya kutangazwa.

Halafu unamtangaza kwa nani? Wateja wake ni fundi baiskeli wa jirani, mafundi cherehani, wanafunzi, dereva wa bajaji. Hao wanamjua kuliko unavyomjua wewe. Wageni wako wa jioni moja watakula, watasifia, watapiga picha, na Jumatatu watakunywa chai kwao. Huwa nawauliza kina mama hawa baada ya vikao kama wameona sura mpya kibandani. Mara mojamoja mmoja amepata oda ya shughuli. Mara nyingi hakuna kitu, na wanajibu kwa upole kwa sababu hawataki kunivunja moyo.

Hapo hujibiwa kila mara: "Mbona kwenye shughuli watu wanapika bure?" Na hapa ndipo nataka tukae kitako.

Ni kweli, harusi ikiwa mtaani wanawake wanaamka kuchambua mchele, kukuna nazi, kumenya vitunguu, na hakuna anayeulizia ujira. Lakini hakuna cha bure pale. Kila mkono uliokuna nazi unakumbukwa. Aliyekuja kwako utakwenda kwake, harusini, kwenye arobaini, siku binti yake akijifungua. Usipokwenda utasemwa, na siku yako ikifika utapika peke yako. Ni deni linalozunguka kati ya watu wanaozikana, nalo hulipwa kwa jasho. Sasa wewe na jioni yako ya mashairi, ukishakula maandazi ya mama huyu utamlipa lini? Akifiwa utakwenda kukaa jamvini? Kama jibu ni ndiyo, na umeshawahi kwenda, basi nyinyi ni ndugu, pangeni wenyewe. Kama hujui hata anakoishi, usijitie kwenye mzunguko ambao humo.

Taarabu nayo huletwa kama ushahidi. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilivuma kutoka mji huu miaka ya 1960 na 1970, na watu hupenda kusema wale waliimba kwa mapenzi tu. Mapenzi yalikuwepo, sibishi. Lakini hadhira ya taarabu hutunza: mtu anainuka na noti mkononi, anakwenda kwa madaha hadi alipo mwimbaji, anampa mbele ya kadamnasi. Sisi watu wa pwani hatujawahi kuona haya kumpa pesa aliyetufurahisha. Iweje aliyepika asipewe?

Haya, kazi yenyewe. Mzee wa kahawa huitwa kwenye vikao kwa sababu anapendeza pichani: dele, birika lake la kahawa, linalong'aa juu ya mkaa, vikombe vinavyogonganishwa mkononi, kashata zimepangwa. Anaambiwa, "Babu, njoo saa kumi na moja, watu watanunua." Fikiria alichoambiwa. Baada ya Alasiri ndiyo saa yake ya riziki. Ana kijiwe cha bao, kijiwe cha wazee karibu na msikiti, kijiwe cha mabishano ya timu za Coastal Union na African Sports, na vyote vinamtazamia. Akitua kwako kwa muda wa saa mbili, mauzo ya saa hizo yamekwenda, na vijiwe vikimkosa siku mbili tatu vinamzoea mwingine. Isitoshe wageni wa sanaa hunywa kidogo, kahawa chungu wengi hawaiwezi. Kwa hiyo mimi hununua dele zima. Namuuliza dele likijaa humwingizia ngapi hadi liishe, najumlisha na kashata, namlipa kabla hajaweka jiko chini. Wageni wanakunywa bila kutoa senti, na kitakachobaki ni chake, aende nacho kijiweni. Tangu hapo huwa anafika kabla ya wageni.

Linaloniuma zaidi ni la wasuka ukili, ile mishipi ya ukindu, majani ya mkindu, inayoshonwa kuwa mikeka. Vikao vya kusuka vimependwa: watu kumi na tano majamvini, kila mmoja anaondoka na kipande chake. Anatafutwa bibi anayejua, anapewa "nauli", anaambiwa aje na mikeka yake auze. Ni saa mbili tu, wanasema. Saa mbili! Ukindu ulikatwa, ukaanikwa, ukachanwa hadi ukalingana upana. Wa rangi ukachemshwa na rangi yake, ukaanikwa upya. Kisha ukalowekwa na kuviringwa kwenye kitambaa kibichi ili ufike ukiwa laini, maana mkavu unakatika mikononi mwa anayejifunza. Na anayejifunza huharibu ukindu mwingi kuliko ule anaoutumia msukaji mzoefu, tena hapaswi kulaumiwa, ndiyo kujifunza. Halafu hizo saa mbili zenyewe bibi hakai. Anazunguka kwa magoti, anafumua palipokosewa, anashika vidole vya mtu mzima na kumwonyesha jani lipi lipite chini na lipi lipande juu, na kwa nini ukingo umepinda: umevuta sana upande mmoja. Huyo ni mwalimu. Mkufunzi wa warsha hotelini angelipwa posho ya siku nzima na maandalizi yake yakahesabiwa, na hakuna ambaye angemwambia alete bidhaa auze ndiyo iwe malipo yake.

Kwa hiyo kuna ada ya kufundisha, kuna bei ya ukindu, na mikeka ni jambo la tatu, kando kabisa. Ikiuzwa ni pesa yake. Isipouzwa, ada haiguswi. Ukitaka ibaki mezani kwako umuuzie, hiyo ni mali kauli, mzigo unaouchukua kwa ahadi ya kulipa baadaye, na mali kauli lazima iwe na siku: siku gani utaleta pesa au utarudisha mzigo. Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari la shule, nakala mbili, yeye abaki na yake.

Kiasi cha ada hiyo kinanisumbua mpaka leo. Ukimuuliza bibi anasema, "Utakachonijaalia, mwanangu." Nikitaja mimi, naogopa kumpunja, na naogopa pia kupandisha kiasi kwamba kikundi cha vijana wasio na kitu hakitamweza tena. Sina kanuni. Ninachofanya ni kumuuliza binti yake faraghani siku kadhaa kabla, na kufuata alichosema. Labda hata hivyo nakosea, kwa sababu binti naye ananistahi.

Kwa chakula mambo ni mepesi zaidi. Tuseme mmeafikiana 3,000 kwa kichwa, watu 25. Ni 75,000. Nusu yake, 37,500, aipate kabla hajakwenda sokoni, na ukituma kwa simu tuma na ya kutolea. Kumtumia mtu kianzio halafu makato yakala pesa ya unga ni kumkata bei kimyakimya. Nusu ya pili mpe siku hiyohiyo, kabla hajaosha sufuria. Wageni wakija 14, unalipa 25. Mvua ikinyesha, unalipa 25. Yeye hakuchagua siku, hakuandika tangazo, hakualika mtu, kwa hiyo hasara ya kutokuja watu haimhusu. Kilichobaki ni chako kwa kuwa umekilipia. Mimi huwagawia wanaobaki kufagia.

Hapo ndipo tunapogombana na wenzangu wanaopenda kugawana kiingilio. Wanasema: mpishi achukue sehemu ya kila tiketi, watu wakijaa anapata zaidi, naye anajiona mshirika. Kwa maneno ni haki tupu. Kwa vitendo mara nyingi mama ndiye anayebeba hatari, maana unga ameshaununua kwa pesa yake huku wewe gharama yako ni bando la intaneti. Hata hivyo siwezi kusema njia hiyo haifai kabisa. Wapo akina dada wenye mtaji mpana kidogo, wapishi wa oda, ambao wenyewe huiomba na hupata zaidi ya ambacho ningewalipa. Kipimo changu ni kimoja: kikao kikifeli, kesho atafungua biashara? Akifungua, mgawane. Asipofungua, mlipe.

Na kuna aliyekwisha kuwa wa kwenu. Mama amepika vikao vyote, watoto wake wanashika kalamu za rangi na wenzao, na siku moja anasukuma noti nyuma: "Leo hapana, na mimi ni mwenyeji." Kumlazimisha ni kumfanya mgeni. Kukubali ni kufungua mlango ambao mwandaaji mwingine atauingia kwa mabavu akisema kwa fulani anapika bure. Nimefanya yote mawili kwa watu tofauti na sina hakika nilipopatia.

Mengine haraka. Mwenyekiti wa mtaa ajue, afisa utamaduni wa jiji ajue, na ukitoza kiingilio fuatilia utaratibu wa kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mapema, si asubuhi ya siku yenyewe. Adhana ikitolewa spika zizimwe. Mimi huanza baada ya Alasiri na kufunga kabla ya Magharibi. Ramadhani acha, au iwe baada ya tarawehe na kahawa tu. Ukitandika ufukweni Raskazone uliza bamvua, yale maji makubwa ya bahari, ni lini, maji hupanda hadi kwenye majamvi. Masika kaa ndani. Taa za kuchaji ziwepo hata kama umeme haujakatika mwezi mzima.

Mnaotaka kwa dhati msaada wa wajasiriamali wa mtaani, waombeni wanachokijua, maana hicho hakili mtaji wao. Mama wa chai atakuambia baraza gani ina kivuli saa kumi na mwenye nyumba yupi hapendi kelele. Mtu wa viti na maturubai ana daftari la oda, na ndani yake zimo Jumamosi zote za mji huu: wapi kuna harusi, wapi kuna maulidi, wapi kuna mkutano wa chama. Nenda kwake na tarehe tatu tofauti, muulize ipi imepoa. Akisema ya kwanza viti vyake vyote vimechukuliwa, ujue wageni wako nao wamechukuliwa, wengine ndio wapambe wa bibi harusi. Fundi cherehani anajua mapema zaidi, kwa sababu vitambaa vya sare humfikia wiki nyingi kabla ya kadi kugawiwa. Pita kwa wote wawili kabla hujachapisha tangazo, na viti vyako vikodi kwa huyohuyo aliyekusomea daftari.